Simu Ilikuwa Imejaa

Mwezi uliopita nilinunua kitabu tao, kwa wale wauzaji wa kutandika vitabu vya mitumba kando ya barabara. Alisema mia tatu, tukavutana, akaniachia na mia mbili. Nilivutiwa na neno moja tu kwa jalada: Wuhan. Nikadhani ni mambo ya njama, maabara na nini. Kumbe ni mama wa miaka 64 anaongea kuhusu mbwa wake.

Anaitwa Fang Fang, mwandishi wa riwaya. Kabla ya chuo kikuu alikuwa hamali, anabeba mizigo (sisi tulioachia chuo njiani tutashikilia hiyo). Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020. Siku mbili baadaye akaanza kuandika mtandaoni, karibu kila siku, mpaka tarehe 24 Machi. Maandishi 60. Anakuambia hali ya hewa. Anakuambia vile majirani wamejiunga kununua chakula pamoja, ndugu zake wako vipi, na nani amefariki leo. Akiandika, yanafutwa. Marafiki wanamsaidia kuyapandisha tena. Na watu walikuwa wanakesha wakingoja aandike, bila muziki, bila kucheza, bila chochote. Mimi nikichelewa kupandisha video siku mbili mnanisahau, lakini hiyo tuiache.

Katikati ya Februari anataja picha aliyotumiwa na rafiki yake daktari. Simu zimetapakaa sakafuni, mahali pa kuchomea maiti. Wenyewe wamekuwa jivu. Hiyo ilinifanya nifunge kitabu. Watu walimshambulia vibaya sana: lete picha, wewe ni mwongo! Kitabu kilipotangazwa kutoka nje kwa Kiingereza wakamwita msaliti. Kusema ukweli, sioni kosa kuuliza swali, kwa sababu mengi alikuwa anayasikia kwa simu akiwa nyumbani. Lakini angetoka aende wapi? Jiji zima lilikuwa ndani.

Hata sisi tulikuwa ndani. Nilikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa, tunaishi Kayole chumba kimoja: mathe, mimi na ndugu zangu wawili. Kafyu saa moja jioni. Mathe alikuwa anafulia watu nguo, wakaanza kumpigia mmoja mmoja wakimwambia asije kwanza, korona. Mwezi wa tano Kukhu akafariki, huko Kakamega. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, na matanga ilikuwa watu 15 tu. Mathe alizunguka siku mbili akitafuta barua ya ruhusa. Akarudi mikono mitupu.

Kwa hivyo tulimzika Kukhu kwa simu yangu. Binamu yetu alipiga video, mimi nikaegemeza simu kwa mkebe wa sukari. Mathe alivaa rinda lake jeusi na viatu vya kanisa, ndani ya nyumba. Huko watu wakisimama, anasimama. Wakiinamisha vichwa, anainamisha. Ndugu yangu mdogo alicheka, akatazamwa mara moja tu, akanyamaza.

Nilirekodi yote. Dakika 47.

Mwezi wa saba kulikuwa na ile densi kila mtu alikuwa anafanya. Nikitaka kurekodi, simu inasema imejaa. Nikaangalia kitu gani kinakula nafasi kubwa, nikakifuta. Hiyo video ya densi ilitazamwa na watu 11,000. Ndiyo ilinianzisha hii kazi, wengine wenu mlinijua hapo. Mathe alipokuja kuniuliza ile ya matanga, nilimwambia simu iliharibika.

Kinachonisumbua ni hiki. Fang Fang hakuwaonyesha watu ile picha, lakini mimi naziona hizo simu sakafuni. Mimi nilikuwa na dakika 47, na nikijaribu kukumbuka jeneza la Kukhu, sijui lilikuwa rangi gani. Nilikuwa naangalia kama mstari mwekundu wa kurekodi bado uko. Nina video zangu 41 za mwaka huo na hakuna hata moja ungejua kwamba kuna mtu alikufa, au kwamba kuna wiki tulikunywa uji usiku tukaita chakula. Na hakuna serikali iliyonifutia. Nilijifutia mwenyewe.

Jumapili nilimwambia mathe ukweli. Alikuwa anakata sukuma, na hakuacha kukata. Nilingoja anitupie maneno, nikangoja sana.

"Ilikuwa kahawia," akasema. "Mjomba wako alitaka nyeupe, pesa ikakosa."

Nikachukua daftari. Akaendelea polepole, kama mtu anayehesabu pesa. Pasta alikuwa amevaa barakoa chini ya kidevu. Kuku walipita katikati ya maombi na hakuna aliyewafukuza, maana wale watu 15 walikuwa wamekaa mbali mbali. Nikamuuliza kuhusu kuteremsha jeneza.

"Hiyo hata ungekuwa nayo usingeiona. Mtandao uliganda. Niliona kiwiko cha binamu yako tu, mpaka wakamaliza."

Sikumbuki kiwiko chochote. Nimeandika.

Tumefika ukurasa wa tatu. Tumekwama kwa mvua: mathe anasema ilianza kabla ya maombi, mimi nasema baada.