Lisekese: Kapu la simuni au la dukani, lipi linaifaa familia?

Ni saa moja asubuhi Lisekese, Masasi, na umande bado uko kwenye majani ya mikorosho. Mama mmoja ametoka uani na ndoo mkononi, lakini jicho liko kwenye simu. Katika kundi la WhatsApp, duka moja la mjini limeweka picha za mafuta ya kula ya lita tano, unga wa ngano, sukari, sabuni ya unga na pampasi za mtoto. Chini ya picha kuna maneno machache: "Agiza sasa, tunaleta hadi mlangoni."

Upande wa pili wa njia, duka la jirani limeshafunguliwa. Mtoto wa darasa la pili amesimama mbele ya nondo za dirisha, kidole kimoja mdomoni.

"Shikamoo mjomba. Mama anasema umpe sukari robo na kiberiti, atalipa jioni."

"Marahaba. Mwambie mama nimeandika."

Mwenye duka anapima sukari, anaifunga, kisha anafungua daftari lenye jalada lililochakaa na kuongeza mstari mmoja. Hakuna aliyeulizwa namba ya siri wala aliyesubiri mtandao urudi.

Njia hizo mbili za kujaza kapu sasa zinaishi pamoja mtaani. Kwa mzazi wa Dar es Salaam, kuchagua kati yake huenda kukawa suala la foleni na muda. Kwa familia ya Lisekese, ambayo fedha yake kubwa huja mara moja kwa mwaka msimu wa korosho, uchaguzi huo unaweza kuamua kama mwezi wa saba kutakuwa na unga ndani au hakutakuwa nao.

Mji wa njia panda

Masasi ni mji wa mawe na njia panda. Milima ya mawe kama Mtandi imesimama juu ya mapaa ya bati, na barabara zinatoka hapo kwenda kila upande: Ndanda hadi Lindi na Mtwara, Nachingwea, Tunduru, na ile inayopanda kwenda Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde.

Safari ya bidhaa kufika hapa ni ndefu tangu zamani. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipofika Masasi na kundi la watu walioachiwa huru kutoka utumwani Zanzibar, mizigo yao ilibebwa na wapagazi kutoka pwani ya Lindi. Leo mzigo unapanda basi au lori Dar es Salaam, unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na unasafiri zaidi ya kilomita 500 kabla ya kushushwa Masasi. Kila kilomita ina gharama yake, na gharama hiyo huishia kwenye bei ya mche wa sabuni.

Chakula chenyewe, hata hivyo, hakitoki mbali chote. Muhogo, mbaazi, kunde, njugumawe na mtama hutoka mashamba ya humuhumu. Ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kama kiazi, huuzwa kwa mafungu kando ya njia. Vitu hivyo ni nadra kuonekana kwenye picha za WhatsApp. Mzazi anayenunua kwa simu tu anaweza kujikuta analisha watoto tambi na biskuti katika nchi ya mbaazi.

Kuletewa mlangoni si jambo geni

Wengi huona huduma ya kuletewa bidhaa nyumbani kama jambo la kizazi cha simu. Ukitazama vizuri, kusini wameijua siku nyingi. Mchuuzi wa samaki wakavu hupita na baiskeli akipiga kengele. Muuza mandazi anajua nyumba ipi ina watoto wanaowahi shule. Juu Newala, ambako maji ni shida ya miaka mingi kwa kuwa uwanda huo hauna mito, watu wameletewa maji kwa madumu yaliyofungwa kwenye baiskeli tangu kabla ya simu ya mkononi.

Simu ilichoongeza ni kuchagua kabla, kuagiza kwa mbali na kulipa bila kuonana. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine zikafuata. Kabla ya hapo, kumtumia mwenye duka fedha kulihitaji mtu wa kumwamini, au kwenda mwenyewe.

Huko Uingereza jambo hili lilianza mwaka 1984, mjini Gateshead, pale bibi wa miaka 72, Jane Snowball, alipoagiza siagi ya mimea, kornifleksi na mayai kutoka Tesco kwa kutumia televisheni na laini ya simu ya nyumbani. Mpango ule ulilenga kuwasaidia wazee na watu wasioweza kutembea hadi dukani. Hilo linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kuagiza ni uvivu. Mama aliyejifungua juzi, baba anayemuuguza mtoto, au bibi anayelea wajukuu peke yake, kwao mzigo kufika mlangoni ni msaada wa kweli.

Wakubwa walioanguka

Si kila duka kubwa au la mtandaoni hudumu. Marekani, kampuni ya Webvan iliyopeleka vyakula majumbani kwa oda za intaneti ilifilisika mwaka 2001. Tanzania, supamaketi za Uchumi zilifungwa mwaka 2015. Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite mwaka 2014, nayo haikukaa miaka mingi nchini. Jumia, duka la mtandaoni lililotangazwa sana, lilisitisha shughuli zake Tanzania Novemba 2019.

Sababu zilitofautiana, lakini kuna hesabu moja inayowasumbua wote: kumpelekea kila mteja mzigo mdogo kwenye nyumba isiyo na namba, katika njia isiyo na jina, ni ghali. Lisekese hesabu hiyo hutatuliwa na dereva wa bodaboda anayejua kwamba nyumba ni "ile yenye mwembe, baada ya msikiti, uliza kwa fundi cherehani". Hakuna programu ya ramani iliyomfundisha. Ndiyo maana mtandao unaofanya kazi hapa ni wa watu wanaojuana: muuzaji mwenye simu, kijana mwenye pikipiki na wakala wa fedha mwenye kibanda.

Mwezi ambao njia zote mbili zilikatika

Mei 2024 iliwafundisha wakazi wa kusini somo ambalo halisahauliki haraka. Mwanzoni mwa mwezi, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa. Mabasi na malori yalikwama. Njia ya kuzunguka kupitia Songea na Tunduru ni ndefu zaidi ya mara mbili.

Kabla watu hawajapumua, Mei 12, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi zikapata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani.

Siku za namna hiyo, anayeuza kwa WhatsApp hana pa kupokelea oda, na mwenye supamaketi ya mjini anatazama rafu zikipungua. Kinachobaki ni ghala la nyumbani, shamba, na jirani mwenye mbaazi. Familia iliyokuwa na makopa ya muhogo kwenye gunia ililala bila hofu kuliko ile iliyozoea kuagiza kila kitu siku kinapohitajika.

Bei: kalamu na karatasi

Swali la kwanza la mzazi ni lipi rahisi. Jibu hutegemea ukubwa wa kapu. Chukua bei hizi za mfano. Dumu la mafuta la lita tano mjini ni Sh30,000. Duka la jirani linapima robo lita kwa Sh1,750. Anayenunua robo robo hadi zitimie lita tano hulipa mara 20, jumla Sh35,000. Akiagiza dumu zima, akilipa bodaboda Sh3,000 na makato ya kutuma fedha Sh500, anatumia Sh33,500. Ameokoa Sh1,500.

Sasa chukua anayehitaji lita moja tu. Mjini ni Sh6,500, na nauli na makato yaleyale yanaifanya Sh10,000. Kwa jirani angelipa Sh7,000. Amepoteza Sh3,000 kwa kukaa nyumbani.

Hesabu inabadilika tena majirani wakiagiza pamoja. Nyumba tatu zikichangia bodaboda mmoja, kila moja inalipa Sh1,000. Akina mama wa vikoba wanaoonana kila wiki tayari wana njia ya kufanya hivyo. Kinachotakiwa ni orodha moja na mtu mmoja wa kuisimamia.

Kwenda mjini mwenyewe nako kuna bei yake: nauli, soda ya mtoto, na vile vitu ambavyo havikuwa kwenye orodha. Faida yake ni macho. Mnunuzi wa dukani anageuza pakiti, anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, anatafuta alama ya TBS, anabonyeza nyanya, ananusa samaki. Picha ya simu hainuki.

Daftari na kangomba

Jambo zito zaidi halimo kwenye bei. Limo kwenye daftari.

Mwenye duka wa mtandaoni hutaka fedha kwanza. Mwenye duka wa mtaani hukopesha. Katika miezi mirefu kabla ya mnada wa korosho, mkopo wa robo ya sukari na nusu kilo ya unga ndio unaowapeleka watoto shule wakiwa wamekunywa uji. Hakuna programu ya simu inayojua kwamba baba wa nyumba ile anaumwa na atalipa korosho zikiuzwa.

Lakini daftari lina meno. Deni dogo la kila siku halionekani linavyokua. Nyumba ikielemewa, mkulima hushawishika kuuza korosho zikiwa bado mtini, kwa kipimo cha kangomba na bei ya kutupa, kwa mlanguzi anayejua shida yake. Oktoba 2024 korosho ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya Sh4,000 kwa kilo. Aliyekwishauza kwa kangomba miezi michache kabla aliisikia bei hiyo redioni tu.

Hapo ndipo kapu la mtandaoni na la dukani yanapopaswa kusaidiana. Malipo ya korosho yanapoingia benki, picha za WhatsApp huongezeka: spika, viatu, simu mpya, juisi za katoni. Ni wakati huohuo ambapo oda moja ya jumla ya vitu visivyooza, yaani sabuni, chumvi, mafuta, sukari na madaftari ya shule, ingeweza kulipunguza daftari la mwezi wa saba kwa nusu. Mzazi anayetumia simu kununua vya miezi sita ameitawala. Anayeitumia kununua kila kinachopita ametawaliwa.

Mtoto anayetumwa dukani

Kuna hasara nyingine isiyopigiwa hesabu. Mtoto aliyetumwa dukani na noti ya Sh5,000 anajifunza kujumlisha, kutoa, kuamkia wakubwa, kukumbuka alichotumwa na kurudisha chenji kamili. Akikosea, mjomba wa dukani anamsahihisha. Nyumba inayoagiza kila kitu kwa simu ya mama inampunguzia mtoto darasa hilo. Na akizoea kuona vitu vinakuja kwa kubonyeza, anaweza kuamini kwamba fedha haziishi.

Dawa yake ni kumshirikisha. Aandike orodha, alinganishe bei ya duka na ya simu, apokee mzigo na kuuhakiki kabla bodaboda hajaondoka.

Mzazi afanye nini

Kwa anayeagiza kwa simu, mambo machache yanaepusha kilio. Jua muuzaji ni nani na duka lake liko wapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka ajitambulishe na aeleze anachouza na bei yake. Kwa muuzaji mpya, lipa mzigo ukiwa mbele yako. Dai risiti. Namba ya siri asipewe mtu, hata mtoto "anayesaidia kutuma". Ukipata ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume. Iripoti namba hiyo TCRA kupitia 15040.

Kwa anayekopa dukani, awe na daftari lake pia nyumbani, liandikwe siku ileile, na walinganishe na mwenye duka kila mwisho wa wiki. Jirani mwema hachukii kuhesabiwa.

Na kwa wote, vya shambani visiachwe. Gunia la makopa na ndoo ya mbaazi havihitaji barabara wala intaneti.

Jioni, yule mama wa asubuhi amefika dirishani mwenyewe, noti imekunjwa kiganjani.

"Mjomba, nimekuja kufuta ule mstari."

"Ahsante, dada. Na mafuta je? Nasikia mmeagiza dumu mjini."

"Tumeagiza nyumba tatu. Sukari bado ni kwako."

Mwenye duka anacheka, anachukua kalamu, na kuupiga mstari mstari.