Saratani, Lugha na Uuguzi: Mfano wa Kibera na Kawangware

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila saratani inapozungumziwa, methali hii haikosi kutajwa, na lawama zote akatwikwa mgonjwa. Hata hivyo, katika vijiji vya Kibera na vichochoro vya Kawangware, wapo wengi wasioficha lolote. Wao husema, ila hawaeleweki. Huelezwa, ila hawaelewi. Makala haya yanashikilia kwamba kuchelewa kwa matibabu, licha ya kusababishwa na ufukara, ni suala la lugha pia. Kwa hivyo, linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama linavyomhusu mwanafunzi wa uuguzi.

Kwanza, neno lenyewe. "Saratani" limetokana na Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Yasemekana mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe ilifanana na miguu yake. Mjini Nairobi wengi husema "kansa", neno lililopitia Kiingereza kutoka Kilatini, na asili yake ni kaa yuyo huyo. Taswira hii inafaa kwa kiasi fulani. Kwa kawaida seli za mwili hugawanyika kwa utaratibu, na zilizochakaa hufa. Saratani huanza pale jeni zinazoongoza utaratibu huo zinapoharibika. Seli zikazaana ovyo, zikavamia sehemu jirani, kisha zikasafiri kwa damu au limfu hadi viungo vingine. Uvimbe usiovamia wala kusafiri si saratani.

Aidha, saratani haiambukizwi kwa kikombe, kitanda wala choo. Jambo hili lapaswa kusisitizwa katika ploti ambako familia nyingi hutumia choo kimoja, na ambako mgonjwa huweza kutengewa sahani yake kwa hofu tupu. Kinachoambukiza ni virusi vya papiloma, vinavyosababisha takriban saratani zote za mlango wa kizazi, navyo hupitia kujamiiana. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi hivyo Oktoba 2019.

Ukubwa wa tatizo ni dhahiri shahiri. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha visa vipya zaidi ya 42,000 na vifo takriban 27,000 nchini Kenya. Kibera yenyewe ilifiwa tarehe 26 Julai 2019, alipoaga dunia Ken Okoth, mbunge wa Kibra aliyelelewa katika mtaa huo. Mapema mwaka huo alikuwa ametangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika hatua ya nne, yaani hatua ambayo ugonjwa umesambaa mwilini. Okoth hakuficha. Kifo chake chatukumbusha kwamba uwazi wa mgonjwa, ingawa ni wa kusifiwa, hautoshi endapo ugonjwa umegunduliwa umekwisha kusambaa.

Kibera iko jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hospitali ya umma ya pekee nchini yenye tiba ya mionzi. Umbali unaomchelewesha mkazi wa Kibera, basi, haupimwi kwa kilomita.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa mazoezini katika zahanati moja ya Kawangware alimpokea mama muuza nafaka, mwenye uvimbe katika titi kwa miezi kadhaa.

"Hauniumi, sista," mama alisema. "Ndiyo maana sikuona haja ya kusumbua watu."

Alipoambiwa kwamba kinyama kingekatwa kikapimwe, aliinuka. "Wakikata, si itatawanyika? Nimeona watu wakikatwa na kufa."

Mwanafunzi yule alikuwa amesomea uchunguzi huo kwa Kiingereza kitupu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mama, gunia la mahindi likija, unajuaje halijaoza katikati?"

"Nalichoma na kile chuma, natoa kidogo, naangalia."

"Basi daktari naye ana sindano yenye uwazi kama chuma chako. Atatoa kidogo, aangalie."

"Na gunia linabaki?"

"Linabaki, mama. Na kuchoma hakulifanyi lioze."

Mama alipokea barua ya rufaa. Chuma hicho kina jina katika kamusi: bambo. Neno limekaa kamusini, kifaa kiko sokoni, na mgonjwa yuko zahanatini. Kazi ya mwanaisimu ni kuvikutanisha. Vivyo hivyo kwa uchunguzi wa mlango wa kizazi: muuguzi hupaka siki hafifu, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe kwa muda wa dakika moja hivi. Mwanamke anayeijua siki jikoni mwake hana sababu ya kuuogopa uchunguzi huo, mradi aelezwe.

Uuguzi wenyewe hudai lugha inayolingana na makazi. Mgonjwa wa tibakemikali hupungukiwa na chembe nyeupe za damu. Joto lake likifika nyuzi 38, halifai kumezewa dawa ya maumivu na kusubiri kukuche. Lakini kumwambia mkazi wa Kibera "nenda hospitali mara moja" hakutoshi. Muuguzi hana budi kuuliza mapema ni nani atakayemsindikiza usiku, na kwa chombo gani. Vidonda vya mdomo husukutuliwa kwa maji safi ya chumvi. Pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, kiasi kitajwe kwa vikombe.

Fauka ya hayo, lipo neno "shufaa". Tiba shufaa, ambayo Nairobi Hospice imeitoa tangu mwaka 1990, hutuliza maumivu na kuitegemeza familia. Kwa kuwa neno hili huambatana na uombezi wa kidini, msikilizaji huweza kudhani anaombewa kufa, akaikataa mofini kama sumu. Aelezwe kwamba dawa hiyo ya maji, ikinywewa kwa saa zilizopangwa, humwezesha kulala na kula, na kwamba huduma hii yaweza kuandamana na matibabu mengine.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na ikampa kila mtu haki ya afya. Haki hizi mbili hukutana mbele ya mgonjwa. Ni jukumu la vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, basi, kuketi na wenzao wa uuguzi na kuandaa faharasa fupi ya saratani, kisha kuipeleka Makina na Kawangware kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji. Wauza nafaka waisome kwanza. Neno watakalolikataa liondolewe.