Nembo, sanduku la kiza na picha 31 za harusi

Leo sina habari za simu mpya. Nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, kosa la mstari mmoja tu wa msimbo, ili nanyi lisiwapate.

Binamu yangu ni mpiga picha za harusi kule Mombasa. Alikuwa amechoka kuona picha zake zikizagaa mtandaoni bila jina lake, akaniomba niweke nembo yake kwenye pembe ya kila picha. Zilikuwa picha 180 ndani ya flashi. Nikamjibu, "Dada, hiyo ni kazi ya dakika kumi." Shahada ya kompyuta ninayo, PHP naijua, ningeshindwa na nini?

Nembo yenyewe ilikuwa faili la PNG: herufi nyeupe, na kwingine kote wazi. Nilitaka ififie kidogo isizibe picha, kwa hiyo nikatumia amri ya imagecopymerge, ambayo hupokea asilimia. Nikaandika 40, nikaiachia programu kazi, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi nikafungua picha moja. Lo! Pembeni kuna sanduku la kiza, na herufi zimo ndani yake. Nikaisimamisha programu ikiwa imeshapita picha 31. Kibaya zaidi, nilikuwa nahifadhi kwa jina lile lile, juu ya picha za asili. Nikampigia simu. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta ili aende harusi nyingine.

"Sasa mdogo wangu, bibi harusi nitamwambia nini?"

Sikuwa na jibu.

Haya, tatizo lilikuwa wapi? Katika PNG ya aina hii, kila pikseli ina namba nne: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne inayosema pikseli hiyo iko wazi kiasi gani. Amri ya imagecopymerge haiitazami namba ya nne. Pale nilipoona pako wazi, faili langu lilikuwa limeandika rangi nyeusi, yaani 0, nayo ikachanganywa hivi:

jipya = nembo × 0.4 + picha × 0.6

Pikseli iliyokuwa 100 ikawa 60. Ndiyo kiza chenyewe. Amri iliyofaa ni imagecopy, ambayo huiheshimu namba ya nne. Ukitaka nembo ififie, ifishe kwanza ndani ya PNG yenyewe, kwa mfano kwa kutumia GIMP. Kisha:

$picha = imagecreatefromjpeg('asili/01.jpg');
$nembo = imagecreatefrompng('nembo.png');
$u = imagesx($nembo);
$k = imagesy($nembo);
imagecopy($picha, $nembo, imagesx($picha)-$u-20, imagesy($picha)-$k-20, 0, 0, $u, $k);
imagejpeg($picha, 'tayari/01.jpg', 90);

Na zile 31? Usiku ule sikulala. Karibu na alfajiri nikakumbuka kwamba hesabu niliyoharibia naweza kuirudisha kinyumenyume. Kwenye kiza, 60 gawanya kwa 0.6 unapata 100. Kwenye herufi nyeupe, ambazo ni 255, unatoa 102 kwanza, ndipo unagawanya. Nikanakili faili zote, safari hii kwa adabu, nikaandika programu ya pili.

Haikurudi kama ilivyokuwa. JPEG hupoteza sehemu ya habari za picha kila inapohifadhiwa, kwa hiyo kingo za herufi zilibaki na chengachenga. Picha 29 dada alizikubali. Mbili, ambazo nyuso za watoto zilikuwa pale pale pembeni, ilibidi azikate.

Tangu hapo nina folda mbili, asili na tayari, na programu zangu haziruhusiwi kuandika ndani ya asili. Dada bado hunipa kazi. Ila nikisema dakika kumi, hucheka kwanza, halafu anakwenda kunakili flashi.