Jicho Ndilo Lililopanga Safari

Akina mama waliowahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto wanaijua njia ile. Mombo ni joto, kisha ni kona baada ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule, mpaka maporomoko ya Soni, ambapo mtu huanza kutafuta kitenge cha pili ajifunike. Ni kilometa 30 na kitu, lakini unapanda karibu mita 1,000. Sisi tumeizoea tangu utoto, wala hatukuwahi kufikiri kwamba kupanda huko kunaweza kumpofusha mtu.

Mama mwenzetu mmoja wa umoja wa wanawake alianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho la kulia, kisha vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu. Hata sisi tulio wauguzi tulimwambia apumzike, huenda ni uchovu wa shamba. Tulikosea. Siku ya tatu kivuli kilishuka kama pazia. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa inabanduka.

Tulimpeleka Moshi, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro. Alipasuliwa, akawekewa gesi ndani ya jicho ili iikandamize retina mpaka ishike mahali pake.

Kesho yake asubuhi bandeji ilifunguliwa. Walipima presha ya jicho, wakatazama kama kuna dalili za maambukizi, na kama retina imelala vizuri. Ilikuwa imelala. Mume wake, aliyekuwa amefika na gari la kuazima, akatuambia, "Masista, Mungu ni mwema. Leo tunalala nyumbani."

Daktari akauliza nyumbani ni wapi. Aliposikia Lushoto, akatikisa kichwa. Gesi, alitueleza, hutanuka mtu anapopanda juu, kama pakiti ya bisi inavyovimba ikifikishwa milimani. Lakini jicho halina nafasi ya kuvimba. Presha hupanda ghafla, na mshipa wa kuonea ukishakufa haufufuki. Ndege nayo ni marufuku mpaka gesi iishe. Baba wa watu alinyamaza, akatoa shati la mkewe lililokuwa tayari garini, akarudi peke yake.

Tulipewa chumba na mama mmoja wa usharika pale Moshi. Mgonjwa alilala kifudifudi na kukaa ameinamisha uso kama alivyoagizwa, jambo linalochosha kuliko kulima, tuamini. Tulimsomea, tulimwekea matone, tulimsuta alipotaka kulala chali.

Siku ya saba ndiyo tarehe ya pili. Hakutaka kwenda. "Siumwi, ni kichwa tu kinanigonga kwa kuinama." Tulimshika mkono tukaenda. Presha ya jicho ilikuwa juu! Maumivu yale hayakuwa ya kuinama. Alipewa dawa, akarudishwa baada ya siku mbili, ikawa imeshuka. Tangu hapo hatuziiti tena tarehe za kliniki usumbufu. Ya siku ya kwanza na ya wiki ya kwanza hutafuta presha na maambukizi, ambayo huharibu jicho kwa siku chache. Ile ya wiki ya nne hadi ya sita hutazama kama retina imebaki mahali pake, kwa sababu kovu linaweza kuota na kuivuta upya wakati mgonjwa anajiona amepona. Aliyewekewa mafuta ya silikoni badala ya gesi hupangiwa pia siku ya kuyatoa, mara nyingi baada ya miezi kadhaa. Na ukiona pazia, vimulimuli vipya au maumivu makali, usingoje tarehe yoyote. Nenda siku hiyo hiyo.

Mwenzetu mwenyewe aliipima gesi yake bila mashine. Aliona mstari ukicheza kama maji ndani ya chupa, ukishuka kila siku, mpaka ikabaki povu dogo chini, nalo likapotea. Bado tulingoja daktari athibitishe ndipo tukakata tiketi.

Tulipofika Soni alifungua dirisha la basi, akatuambia idadi ya wanawake waliokuwa wakifua mtoni. Walikuwa wanne. Tulihesabu, ni kweli.

Wiki ya sita tulirudi Moshi, zaidi ya kilometa 200 kutoka Mombo, kwa nauli iliyochangwa na umoja. Alitiwa matone ya kupanua mboni, akaona ukungu mpaka jioni. Ndiyo maana mgonjwa huyu hatumwachi asafiri peke yake. Jicho la pili nalo lilitazamwa, kwa kuwa lililobanduka moja huweza kufuatwa na la pili. Lilikuwa zima.

Tarehe inayofuata ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, juu ya tarehe ya kupanda maharage.