Inakatika Wakati Gani?



Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa maana tafakari yetu inaanzia mahali pasipo pa kawaida, yaani kwenye matundu ya USB ya kompyuta ya mpakato. Tunaandika juu yake kwa sababu kupitia jambo hilo tulimkosea mtu.

Parokiani kwetu hapa Mbeya ipo kompyuta moja ya mpakato, inayotumiwa na ofisi asubuhi na vijana jioni. Kijana mmoja wa kwaya, hodari wa kuhariri video, huitumia pia kwa michezo yenye picha nzito, ile ambayo vijana huiita gemu, na ruhusa hiyo tulimpa wenyewe. Jioni moja alikuwa akicheza huku diski ya nje, tuliyoiacha sisi, ikiendelea kunakili picha za kurasa za daftari la ubatizo. Ghafla diski ikakatika, kipanya kikazimika, na sehemu ya kazi ya majuma matatu ikaharibika. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba ameharibu mali ya Kanisa. Akajibu kwa adabu, "Samahani Padre, matundu ni mazima. Yanakatika gemu likiwa zito tu; nikilifunga, yanarudi." Hatukumsikiliza. Jumapili iliyofuata hakuonekana kwaya, wala ile iliyofuata baada yake.

Baadaye tulisafiri kwenda Iringa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako, tukaipeleka kompyuta ile kwa fundi. Hakushika bisibisi. Aliuliza kwanza swali ambalo sisi hatukuliuliza: "Inakatika wakati gani, Padre?"

Tulipomweleza, alianza kupima hatua kwa hatua. Alichomeka diski akaandika barua tu, diski haikukatika. Akafungua gemu, na baada ya dakika chache ikakatika. Akaihamishia tundu la upande wa pili, nako ikakatika vilevile. Akasema kwamba kama ubovu ungekuwa wa tundu moja, lile la pili lingefanya kazi. Akazima mpangilio wa Windows unaolaza matundu ya USB ili kuokoa umeme. Hali ikabaki ileile. Ndipo alipoigeuza chaja na kusoma maandishi yake: wati 65. Kompyuta yenyewe ilihitaji wati 120. Chaja ya asili ilipotea zamani, na hii tuliinunua sisi, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na pini yake iliingia.

Fundi alitueleza kwamba mchezo mzito hufanya prosesa na kadi ya picha zivute umeme mwingi kwa wakati mmoja. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampia 500, yaani wati 2.5 tu, la USB 3.0 hutoa miliampia 900, yaani wati 4.5. Ni kiasi kidogo, lakini hutoka katika chanzo kilekile. Chaja ikizidiwa, na betri ikiwa imechoka kama yetu, volti hushuka, na kilichochomekwa pembeni hukatika kwanza. Feni nayo ilikuwa imejaa vumbi la kiangazi, na joto likaongeza shida. Akaisafisha, akatupatia chaja ya wati 120 na kigawanyi cha USB chenye umeme wake chenyewe. Gemu likachezwa kwa saa nzima, na diski haikukatika hata mara moja.

Tukiwa njiani kurudi, tulipopita Chimala na Igurusi tukitazama mashamba ya mpunga ya Usangu, tuliukumbuka Mto Ruaha Mkuu. Maji yake hutoka katika bonde hili, yakapita Hifadhi ya Ruaha, yakafika bwawa la Mtera na mitambo yake ya megawati 80. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na matumizi makubwa ya maji huku juu ni sababu mojawapo. Anayesimama kule chini kwenye mchanga mkavu anaweza kuulaumu mto, lakini chanzo cha ukavu huo kiko mbali na macho yake.

Wapendwa, Yethro alipomtembelea Musa jangwani (Kut 18:13-26) alimwona akiwaamulia watu tangu asubuhi hadi jioni. Alitazama kwanza, akauliza kwa nini mambo yanakwenda hivyo, kisha akaonya kwamba mzigo ule ungemchosha Musa na watu pia, akashauri ugawanywe. Katika familia zetu na jumuiya ndogondogo tunawaona walio pembeni wakikatika: binti anayesinzia darasani, katekista anayekosa kikao, mama mwenye hasira kila jioni. Ni rahisi kutamka kwamba wameharibika. Tuulize kwanza wanakatika wakati gani, na ni nani aliyewapa chaja isiyowatosha.

Kwa upande wetu, Bwana ametuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare na kupatana kwanza na ndugu (Mt 5:23-24). Siku ya pili baada ya kurudi tulikwenda nyumbani kwa kijana yule, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Na kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya wenzake, tukarudia maneno hayo mazoezini kwa wanakwaya wote. Alisema, "Yameisha, Padre." Hajarudi bado kwaya. Tunamwombea, nanyi mtuombee sisi, tujifunze kuuliza kabla ya kuhukumu.

Tunawatakia Jumapili njema. Tumsifu Yesu Kristo!