Mgeni Juu ya Tawi



Wengi mnaopita nyumbani kwetu hapa Saio mmeuliza habari za sanduku la kioo lililo karibu na dirisha, lenye majani, maji na vyura. Baadhi yenu mmecheka kwamba katekista sasa anafuga vyura. Tungependa kueleza lilivyoanza, kwa maana liko neno ambalo tunadaiwa kulisema mbele yenu.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vya Djugu vilipowasukuma watu kwa maelfu hadi Bunia, tulimpokea mdogo wake mama wa nyumba hii, pamoja na mume wake na watoto watano. Miezi ile kamyo za barabara ya Komanda ziliendelea kushusha magogo na kuni mjini kama kawaida. Juu ya tawi moja tulilonunua kwa ajili ya kuni palikuwa na mmea mdogo sana: vitunguu vya kijani vilivyofuatana juu ya gome kama punje za rozari, kila kimoja na majani yake mawili. Mjuzi mmoja wa mimea aliyepita kwetu alituambia kwamba ni okidi, wa jamii iitwayo Bulbophyllum. Tuliona si haki kuutia motoni.

Shemeji yetu, aliyekuwa seremala kwao, akakata vioo vya dirisha la zamani na kuviunga kwa gundi. Chini tuliweka changarawe na makala yaliyopondwa, ambayo huzuia maji yasinuke (nayo makala, tukifikiri vizuri, ni msitu ule ule). Juu yake tukaweka udongo na kangaga, na upande mmoja tukaacha dimbwi la samaki wadogo wa kijito. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, na maji yao yenye mbolea kidogo hunyunyiziwa mimea. Lile tawi tukalilaza juu, mbali na dimbwi, kwa sababu okidi hupenda unyevu wa hewa lakini huoza ukilala majini. Kifuniko hakifungwi kabisa. Tunaacha nafasi ya kidole kimoja hewa ipite.

Ufundi huu hatukuubuni sisi. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifukia kifukofuko cha nondo katika udongo ndani ya chupa, kisha akaona kangaga na nyasi vimeota humo, ilhali kangaga zake za nje zilikuwa zikiuawa na moshi wa mji. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yalivuka bahari hadi Sydney, mimea ikiwa hai.

Vyura waliletwa na mtoto wa tatu wa wageni wetu, wa miaka tisa wakati ule. Aliwakuta kwenye matete, akawabeba katika kopo. Tulikosea tangu siku ya kwanza: tulijaza dimbwi kwa maji tuliyotia dawa ya klorini, kama tufanyavyo kwa maji ya kunywa. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi yake. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Mtoto aliwazika chini ya mti wa avoka, akatengeneza na msalaba wa vijiti, nasi hatukumkataza. Tangu hapo tunatumia maji ya mvua tu.

Sasa lile neno. Katika mwezi wa tatu wa ugeni ule, unga uliisha kabla ya mshahara kufika. Jioni moja tulisema, kwa sauti iliyovuka ukuta, kwamba nyumba imejaa wanyonyaji. Ni neno tulilolizoea darasani. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanafunzi wa ualimu kwamba mimea iotayo juu ya matawi ya miti ni minyonyaji, nao wakaenda kufundisha hivyo hivyo.

Siku chache baadaye mtoto yule, akiwalisha vyura mchwa, alituuliza, "Baba mkubwa, na huu nao unanyonya?" Tukajibu ndiyo, unanyonya mti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini tawi limekufa. Sasa unanyonya nini?"

Hatukuwa na jibu. Tawi lilikuwa limekauka tangu lilipokatwa, na okidi ulikuwa umetoa mzizi mpya, mweupe, wenye ncha ya kijani. Tulitafuta kitabu cha mimea, tukasoma kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Mzizi wa okidi kama huu umevikwa tabaka mfano wa sifongo linalofyonza mvua na umande; mti huupa tu mahali pa kusimama karibu na mwanga. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti bila kusaidiwa na kuvu, jambo aliloligundua Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mti hauporwi kitu.

Kusahihisha darasani kulikuwa rahisi: wanafunzi walifuta, wakaandika upya. Nyumbani kulitugharimu zaidi. Kabla ya sala ya jioni tulisema mbele ya wote kwamba tulikuwa tumetamka neno baya, tena la uongo, kwa kuwa hata sanduku tulilojivunia lilijengwa kwa mikono ya mgeni. Shemeji wa kike alikuwa akichambua maharagwe. "Shemeji, tulisikia siku ile," akasema, akaendelea kuchambua. Hakusema kwamba amesamehe, nasi hatukumuuliza.

Walikaa nasi miezi kumi na minne. Siku hizi wamepanga vyumba viwili si mbali na hapa, na yule mtoto ni kijana wa sekondari. Jumamosi nyingi hufika na mchwa katika kopo, huingia bila kubisha hodi, huhesabu vyura.

Mwezi huu okidi umechanua tena. Maua yake ni madogo kuliko punje ya mchele, ya rangi ya damu ya mzee, yenye harufu mbaya kidogo inayoita nzi. Mama wa nyumba hii hulalamika kila mwaka. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuununua, tukakataa. Biashara ya okidi kati ya nchi ina sheria yake tangu mkataba uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, na zaidi ya hayo tulikwisha kumwahidi mwingine. Jumamosi iliyopita tulikata kipande chenye vitunguu vitatu, tukakifunga kwa uzi juu ya gome, kijana akaondoka nacho akikikinga jua kwa daftari. Baba yake anatafuta vioo.