Pointi Nane

Babu alipoingiza umeme katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, katikati ya miaka ya 1950, alilipa kwa pointi. Mafundi umeme walihesabu hivyo zamani na wanahesabu hivyo hata leo: taa na swichi yake pointi moja, soketi pointi moja. Babu alilipia nane. Taa ya ukumbini, ya ngazi, ya barazani, ya jikoni uani, tatu za vyumbani, na soketi moja ya redio. Mama wakati ule alikuwa mtoto wa chuoni. Anakumbuka kwamba bibi aliendelea kupika kwa mwanga wa taa ya mafuta miezi mingi baada ya hapo, kwa kuwa globu ilimwonesha masizi yote yaliyogandia darini.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani lililojengwa mwaka 1883, ndilo lililotangulia kuwa na taa za umeme hapa kwetu. Kutoka jumba lile mpaka nyumba ya mtu kama babu pakapita miaka mingi, na umeme ulipofika ulikuwa wa taa na redio tu. Waya ulivishwa mpira, juu ya mpira kitambaa cha pamba. Ulipita ndani ya mbao ndefu zenye mifereji miwili, mwekundu huku na mweusi huku, na kifuniko cha ubao kikapigiliwa juu. Waya wa tatu, wa ethi, haukuwapo. Ukuta haukuchimbwa popote. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unapita nusu mita, na wale mafundi waliziheshimu. Walizipitisha mbao zao kando ya boriti za mikoko mpaka kila chumba kikapata taa yake.

Mimi nimeikuta nyumba ina zaidi ya hizo nane. Sijui nani aliongeza ya tisa. Najua ya kumi na moja ilikuwa ya televisheni, kwa sababu mjomba ndiye aliyeiunga mwenyewe, Ijumaa moja baada ya sala, nami nilimshikia tochi. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, lakini sisi tuliitazama kwa majirani mpaka miaka ya themanini, biashara ilipofunguliwa na bidhaa za Dubai zikajaa madukani. Baada ya televisheni likaja friji. Baada ya friji feni, pasi nzito, birika la umeme, na mwisho kiyoyozi cha chumba cha juu, dada alipojifungua. Kila kimoja kilipata waya wake, na kila waya uliungwa kwenye waya uliokuwa karibu. Hakuna hata mmoja uliorudi mpaka chini ya ngazi, kwenye ubao wa fyuzi. Kuunga karibu kulikuwa rahisi: mita tatu za waya, msumari, gundi ya plasta, na jioni hiyo hiyo kitu kinafanya kazi.

Fyuzi zilikuwa za kigae cheupe, za kutia uzi. Ya taa ilikuwa ya ampia 5. Ilipoanza kukatika kila wiki, mjomba aliondoa ule uzi mwembamba akatia nyuzi mbili za shaba alizozichomoa kwenye waya wa pasi mbovu. Haikukatika tena. Tulimshukuru, na nakumbuka bibi alimwombea dua. Mtu yeyote katika nyumba yetu angefanya vile vile. Lakini kazi ya fyuzi ni kukatika, na tangu siku ile, waya ukizidiwa, hakukuwa na kitu cha kuuokoa. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampia 9 peke yake. Nasi tulichemsha maji huku pasi iko moto na friji linanguruma, vyote juu ya waya ambao babu aliulipia kwa ajili ya redio.

Kisha ikaja ile miezi mitatu. Umeme wetu, uliokuwa ukitoka Bara kwa waya wa baharini uliolazwa mwaka 1980, ulikatika mwezi mzima mwaka 2008, na ulipokatika tena Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi. Kila aliyeweza alinunua jenereta. Sisi tulinunua dogo, tukalitia uani, tukaliingiza nyumbani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, tukichomeka kwenye soketi ya jikoni. Leo nikikumbuka zile plagi, upande mmoja ukiwa na chuma tupu chenye umeme, na watoto wanacheza pale pale, moyo unanienda mbio.

Ilikuwa Ramadhani, miaka minane baadaye, tumemaliza kufuturu. Mama alisema anasikia harufu ya ndara inayoungua. Tulitafuta jikoni, tukatafuta uani. Harufu ilikuwa inatoka nyuma ya kabati la vyombo, na nilipolivuta nikaweka mkono kwenye ule ubao wa waya, niliutoa upesi. Kifuniko kilikuwa cheusi. Nilikimbia chini ya ngazi nikazima umeme wote, tukalala kwa mishumaa.

Asubuhi fundi alibandua kifuniko kwa bisibisi, akaushika waya kwa vidole viwili na kuukunja kidogo tu. Mpira ulimwagika sakafuni kama majivu ya udi, ikabaki shaba tupu. Ule mwekundu na ule mweusi zilikuwa zimelala uchi katika ubao mmoja, katikati yao ukingo wa mti mwembamba kuliko kalamu. Tukatembea naye nyumba nzima, akibandua hapa na pale. Ilikuwa vile vile kila mahali.

"Mama, hapa si pa kuunga," alimwambia mama. "Nyumba yote ivuliwe, ivishwe upya."

"Kwani taa si zinawaka, mwanangu?"

"Zinawaka, mama. Hebu shika hiki." Akamtilia kiganjani kipande cha ule mpira. Mama alikifikicha, kikawa unga. Hakuuliza tena.

Nilikwenda madukani nikauliza bei za waya, nikarudi nikidhani nimeshaijua gharama. Sikuwa nimeijua. Waya wa milimita 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, mnene zaidi kwa jiko na kiyoyozi, mapaipu, boksi za chuma, ubao mpya wa breka: hivyo vyote viliandikika kwenye karatasi moja. Ambacho hakikuandikika ni ukuta. Fundi alihesabu pointi 54, na kila soketi ilihitaji kushuka kutoka darini, yaani mfereji ndani ya chokaa.

Kulikuwa na njia mbili za bei ndogo. Moja ni kupitisha plastiki nyeupe juu ya kuta, kama ofisini. Nyingine ni kuchimba na kuziba kwa saruji, ambayo ingemalizika kwa wiki. Ya pili nilikuwa tayari kuikubali, mpaka mwashi mzee wa chokaa aliponipeleka nyumba ya jirani na kunionesha kiraka cha saruji. Kilikuwa kigumu na kizima, lakini chokaa iliyokizunguka ilikuwa inamomonyoka kwa chumvi, kidole kinazama. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na kuutoa, akasema. Ukiuziba mahali, maji yanahamia pembeni na kula hapo. Tukaomba kibali, tukachimba kwa tindo na nyundo ndogo, mifereji michache kadiri ilivyowezekana, na yote ikazibwa kwa chokaa.

Vifaa vilikula shilingi 2,950,000. Fundi alitoza 25,000 kwa pointi, tukampa 1,150,000. Mwashi na chokaa yake, 2,100,000. Jumla 6,200,000, na ndugu zetu wa Maskati ndio waliobeba nusu. Nimezirudia hesabu hizi mara nyingi. Mwashi alilipwa karibu mara mbili ya fundi umeme, na naona haki yake, maana ukuta ule utatuzidi umri sisi sote. Kinachoniuma ni zile mita tatu tatu za waya. Tulidhani tunaokoa fedha, kumbe kila mara tulikuwa tunakopa kwenye waya wa babu, na deni lote likaja siku moja, likiwa na hatari ya moto juu yake. Laiti kila kitu kipya kilichoingia nyumbani kingeingia na waya wake mpaka chini ya ngazi, tusingefika pale.

Ethi tuliizika uani, karibu na kisima, nondo ya shaba imepigwa mpaka ikazama yote. Siku ya mwisho fundi alituita tuone kile kifaa kinachokata umeme unapovuja. Akabonyeza kitufe cha kujaribia, nyumba nzima ikazima kwa kishindo kidogo. Mama akasema bismillahi, akataka abonyeze na yeye. Alibonyeza mara mbili.

Mtaona kwamba 25,000 kwa pointi 54 haileti 1,150,000. Fedha zilikwisha zikiwa zimefanywa 46. Chumba cha juu, upande wa bahari, kimebaki: taa mbili, feni, soketi nne na kiyoyozi. Fundi alikata waya wa zamani mlangoni, akafunga ncha kwa tepu, akaandika HAKUNA kwa kalamu ya wino mzito. Bei ya shaba imepanda tangu hapo. Mwaka huu nimenunua roli moja la 2.5 kabla halijapanda tena, liko chini ya kitanda changu ndani ya nailoni yake, na mwashi ameniambia tusubiri masika yaishe, chokaa ikauke vizuri.